Kizunguzungu ukiacha wanga: chumvi, sukari, au urudi kwenye ugali?

Watu wengi wanaoacha ugali, wali na chapati ili wapungue kilo au washushe sukari hukutana na jambo moja ndani ya wiki ya kwanza. Wakisimama, macho yanaingia giza, masikio yanavuma, magoti yanalegea. Jirani anasema sukari imeshuka, kunywa soda haraka. Mwenzako wa keto (mlo wa wanga kidogo sana) anasema vumilia, mwili unazoea. Shangazi anasema achana na mambo hayo, kula ushibe.

Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi kwa mtu fulani, na hapo ndipo penye hatari. Soda itakayomwokoa mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini haimsaidii kijana aliyepungukiwa chumvi na maji. Chumvi itakayomsimamisha kijana huyo inaweza kumuumiza mama ambaye moyo wake haufanyi kazi vizuri. Kwa hiyo nalinganisha kwanza vizunguzungu vyenyewe, kisha vinywaji ambavyo watu hukimbilia, halafu njia tatu za kuendelea na mlo au kuuacha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa na asiyemeza dawa yoyote, kizunguzungu cha siku za mwanzo mara nyingi ni chumvi na maji, si sukari. Kwa anayetumia dawa za kisukari au za presha, dawa ndizo za kuangaliwa kwanza kabla ya kuangalia sahani.

Kwa nini chumvi ndiyo inayotoka

Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya sukari kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni, kama gramu 400 hadi 500. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika kwa siku chache na maji yake yanatoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani inashuka kwa kasi na mtu anafurahi, kumbe sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji.

Wakati huohuo insulini inashuka. Insulini tunaijua kwa kazi ya kuingiza sukari kwenye seli, lakini ina kazi nyingine isiyosemwa sana: inazifanya figo zishike chumvi. Ikishuka, figo zinaiachia, nawe unakwenda haja ndogo mara kwa mara. Ujazo wa damu unapungua. Ukiwa umelala huoni tofauti. Ukiinuka, damu inavutwa miguuni, ubongo unapungukiwa kwa sekunde kadhaa, na hapo ndipo giza linapoingia machoni.

Hali ya hewa yetu inazidisha. Anayeanza mlo huu Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari anatoka jasho tangu asubuhi, na jasho ni chumvi. Amekwisha kuacha mkate na chipsi, vyakula vilivyokuwa vikimpa chumvi bila yeye kujua. Ameambiwa chumvi ni mbaya, basi hata mboga anapika bila chumvi. Tena anakunywa lita tatu za maji matupu yenye ndimu ili “kusafisha mwili”. Hayo yote yanamvutia upande mmoja.

Na sukari je? Ini lina uwezo wa kutengeneza sukari lenyewe kutokana na protini na sehemu ya mafuta, na ubongo taratibu hujifunza kutumia ketoni, nishati ambayo ini huitengeneza kutokana na mafuta. Kwa hiyo si kawaida mtu mwenye afya kushuka hadi sukari ya hatari kwa sababu tu hakula ugali. Anayeshuka kweli mara nyingi ana dawa inayoisukuma sukari chini, au amekunywa pombe tumbo likiwa tupu, kwa maana pombe hulizuia ini kutengeneza hiyo sukari.

Vizunguzungu viwili ana kwa ana

| | Chumvi na maji vimepungua | Sukari imeshuka |
|---|---|---|
| Kinakuja lini | Ukisimama, ukiinuka kutoka kwenye sijda, ukisimama muda mrefu kwenye daladala lenye joto | Wakati wowote, hata umekaa. Hasa ukichelewa kula baada ya dawa au baada ya kazi nzito |
| Ukilala chini | Kinapoa upesi | Hakibadiliki |
| Dalili za jirani yake | Kichwa kuuma, mdomo kukauka, misuli ya miguu kukaza usiku, moyo kwenda mbio ukisimama | Jasho la baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira, kuchanganyikiwa, kuongea ovyo |
| Kipimo | Presha inashuka kwa 20 au zaidi namba ya juu, au 10 au zaidi namba ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama | Damu ya kidole inasoma chini ya 3.9 mmol/L, chini ya 3.0 ni hatari kubwa |
| Cha kufanya papo hapo | Lala, inua miguu, kisha maji yenye chumvi | Gramu 15 za sukari, pima tena baada ya dakika 15 |

Katika mistari hiyo, wa pili ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu hauhitaji mashine. Lala chini dakika mbili. Kama ulimwengu unatulia, inaelekea ni presha. Kama bado unatetemeka na jasho linakutoka hali umelala, fikiria sukari, na kama huna kipimo karibu na unatumia dawa za kisukari, kunywa kitu chenye sukari bila kusubiri. Kukosea kwa kunywa sukari mara moja ni afadhali mno kuliko kukosea kwa kuinyima.

Kuna kizunguzungu cha tatu ambacho hakimo kwenye jedwali: nyumba inazunguka hata ukigeuza kichwa tu juu ya mto. Hicho mara nyingi ni cha sikio la ndani, na mlo hauhusiki. Na kikija pamoja na homa, kapime malaria kama mtu mwingine yeyote. Kuacha wanga hakumkingi mtu na mbu. Mwanamke anayetoka damu nyingi ya hedhi aombe pia kipimo cha wingi wa damu, maana upungufu wa damu unaweza kujificha nyuma ya mlo mpya kwa miezi.

Kipimo cha kusimama

Hiki kinafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu watu wengi hupimwa presha wakiwa wamekaa tu, wakaambiwa iko sawa, wakarudi nyumbani na kuanguka bafuni. Unalala au kukaa kwa utulivu dakika tano. Unapimwa. Unasimama. Unapimwa tena baada ya dakika moja, na tena baada ya dakika tatu, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Awepo mtu wa kukudaka.

Mazungumzo kama haya yanaweza kutokea kwenye duka lolote la dawa:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nipime presha, tangu juzi nikisimama naona giza.”

“Kaa kwanza mama, upumzike. ... Ni 128 kwa 80, nzuri tu. Sasa simama, nishikilie hapa. ... Imekuwa 104 kwa 70. Mama, unatumia dawa gani?”

Anafungua mkoba, anatoa karatasi ya vidonge iliyokunjwa: hydrochlorothiazide, dawa ya presha inayofanya kazi kwa kukojoza chumvi na maji.

“Na umebadilisha chakula?”

“Nimeacha wanga, mwanangu. Wiki sasa.”

Namba ya juu imeshuka kwa 24, na sababu yake imelala kwenye ile karatasi. Mlo unatoa chumvi na kidonge kinatoa chumvi, mwili mmoja unatolewa mara mbili. Hapo jibu si kumwambia mama ale chumvi nyingi, wala si kumwambia atupe dawa. Jibu ni kwenda kwa daktari aliyemwandikia akiwa na namba hizo mbili mkononi, ili dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Mlo wa wanga kidogo hushusha presha kwa baadhi ya watu, na dozi iliyofaa mwezi uliopita inaweza kuwa kubwa mno mwezi huu.

Dawa nyingine za kutazamwa kwa jicho hilohilo ni furosemide, losartan, enalapril na amlodipine. Kwa upande wa kisukari, insulini na vidonge vya jamii ya glibenclamide, gliclazide na glimepiride ndivyo vinavyoweza kumwangusha mtu kwa sukari, kwa kuwa vinaendelea kusukuma hata kama hujala wanga. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Atenolol na propranolol, dawa za presha na moyo, zina ujanja wake: zinaficha kutetemeka na mapigo ya moyo, kwa hiyo sukari ikishuka unaweza usipate onyo zaidi ya jasho.

Moja zaidi, na hii naomba isomwe mara mbili. Anayetumia empagliflozin au dapagliflozin, dawa nyingine za kisukari, asianze keto bila daktari wake kujua. Dawa hizo pamoja na kukosa wanga zinaweza kuleta asidi ya ketoni kwenye damu hata kipimo cha sukari kikisoma vizuri. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa kasi na kwa kina: hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Supu, ORS, ndimu na chumvi, dafu au soda?

Kwa kizunguzungu cha chumvi, supu inashinda. Supu ya mifupa au makongoro, yenye chumvi na ndimu, ina maji, ina chumvi, ina potasiamu kidogo, na wanga karibu hakuna. Inapatikana alfajiri kila mtaa. Mtu wa keto anachofanya ni kuiacha chapati inayokuja nayo. Kikombe asubuhi na kingine jioni kwa siku chache humtosha mtu mwenye afya, na nafuu mara nyingi huja siku hiyohiyo. Ikiwa siku mbili tatu za supu hazijabadilisha kitu, basi tatizo lako si chumvi, tafuta kwingine.

Maji ya ndimu na chumvi ni supu ya mwenye haraka. Kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa ni gramu 5 na zaidi, yaani kiasi kizima ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikifikie kwa siku. Kwa hiyo anza na robo kijiko kwenye glasi kubwa, mara mbili kwa siku, na usifanye mazoea ya maisha. Mwenye presha ya juu, ugonjwa wa figo au wa moyo asiongeze hata hiyo robo bila kuuliza.

ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, inaogopwa na watu wa keto kwa sababu ina sukari, na hofu hiyo haina msingi. Pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu. Glukosi hiyo imewekwa kwa sababu utumbo huinyonya chumvi vizuri zaidi ikiwa pamoja na sukari. Ukinywa nusu lita umeingiza chini ya gramu 7 za wanga. Kwa anayeharisha au kutapika, ORS inapanda hadi nafasi ya kwanza, juu ya supu. Ila pakiti ya lita moja ichanganywe kwenye lita moja. Kuimimina yote kwenye glasi ni kujitengenezea chumvi kali inayoweza kudhuru.

Dafu linasifiwa kupita kiasi chake katika jambo hili. Ni zuri, lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni ndogo kuliko unayohitaji, na sukari yake ya asili inaweza kummalizia mtu wa keto kali nusu ya wanga wake wa siku. Mwenye figo dhaifu, au anayemeza losartan, enalapril au spironolactone, awe mwangalifu, maana potasiamu ikizidi kwenye damu huuvuruga moyo. Kwa potasiamu ya kila siku mimi ningechagua parachichi na mchicha. Parachichi, gramu kwa gramu, lina potasiamu nyingi kuliko ndizi mbivu, na wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi.

Soda ni dawa ya sukari iliyoshuka. Nusu glasi, kama mililita 150, inafika gramu 15 zinazotakiwa. Au sukari vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji. Isiwe ile isiyo na sukari. Kwa kizunguzungu cha chumvi, soda inaonekana kusaidia kwa sababu aliyeinywa ameketi na amepata maji. Kesho yake akisimama, giza linarudi palepale.

Na jambo moja kwa wanaomhudumia aliyezimia: usimtie chochote mdomoni mtu asiyejitambua, iwe soda, asali au supu. Mlaze ubavu, ita msaada.

Njia tatu za kuchagua

Ya kwanza ni kubaki kwenye keto kali, chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, na kurudisha chumvi. Inamfaa mtu mzima asiye na dawa, mwenye kazi ya kukaa, aliye na sababu ya kweli ya kubana kiasi hicho, na kizunguzungu chake kinakuja akisimama tu. Aupe mwili wiki mbili. Asichanganye na kufunga kutwa nzima siku hizohizo za mwanzo, wala asianze mazoezi mazito wiki hiyohiyo. Wengi wanaoanguka wameanza vitu vitatu kwa pamoja.

Ya pili ni kupanda hadi wanga wa wastani, kama gramu 100 hadi 130 kwa siku, na hii ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi wa kwetu. Dereva wa bodaboda, fundi ujenzi, mama anayesimama sokoni tangu alfajiri, mfanyakazi wa bandarini: hawa wanatoka jasho kutwa, na kuzimia kwao kunaweza kutokea barabarani au juu ya jukwaa la ujenzi. Gramu hizo zinatosha kupunguza ule mshuko mkali wa insulini na chumvi, na bado ni kidogo sana ukilinganisha na sahani zetu. Unga mkavu wa mahindi gramu 100 una zaidi ya gramu 70 za wanga, na kuna watu wanakula ugali wa unga zaidi ya huo kwa mkao mmoja. Siku ya gramu 120 hivi inaweza kuwa hivi: kipande cha kiazi kitamu asubuhi na mayai, kikombe kimoja cha wali mchana na samaki na mboga nyingi, nusu kikombe cha maharage jioni na mchicha, na ndizi mbivu moja. Hakuna anayelala njaa hapo.

Anayeogopa kwamba akilegeza hivyo hatapungua kilo, ajue matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018. Watu wazima 609 waligawanywa kati ya mlo wenye afya wa mafuta kidogo na ule wa wanga kidogo kwa miezi 12. Wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Tena kundi la wanga kidogo, mwisho wa mwaka, bado lilikuwa linapata karibu asilimia 30 ya nguvu zake kwenye wanga. Hawakuwa kwenye keto kali, na walipungua.

Ya tatu ni kuacha, angalau mpaka uonane na mtaalamu. Mjamzito na anayenyonyesha, aache leo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mwenye ugonjwa wa figo, mzee anayeishi peke yake ambaye akianguka hakuna wa kumwinua, na yeyote aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula, nao njia yao ni hii. Kwa mwenye dawa za kisukari, kuacha kunamaanisha kurudisha chakula chake cha kawaida wakati anasubiri daktari, na kuendelea na dawa kama alivyoandikiwa. Asipunguze insulini kwa kukisia.

Ukichagua kati ya ya kwanza na ya pili ukajikuta unasitasita, chukua ya pili. Kutoka gramu 120 unaweza kushuka taratibu baadaye ukipenda, kila wiki kidogo, na mwili unapata muda wa kuzizoesha figo. Kutoka gramu 300 hadi 20 kwa usiku mmoja ndiko kunakoleta giza machoni.

Usilinganishe chochote ukiona haya: kifua kuuma au kubana, mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito, choo cheusi kama lami, kuzimia kabisa hata kama umeamka mwenyewe, au sukari isiyopanda baada ya kunywa sukari mara mbili. Nenda hospitali, na usiendeshe mwenyewe. Chukua vidonge vyako vyote kama vilivyo kwenye pakiti zake, na uandike kwenye karatasi siku uliyoanza mlo, unachokula kwa siku, presha uliyopimwa ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, na namba ya sukari kama unayo.